Mradi Tunaishi

Ubao uliosimama penye njia panda ya kwetu una maneno mawili, na kosa lililoyaweka pale ni langu. Juu limeandikwa MRADI, chini yake TUNAISHI. Ni mbao nzito, na herufi zimezama ndani kiasi cha kuingia kidole, kwa sababu wageni walitaka wenyeji wauchonge wenyewe, na wenyeji walichonga kwa nguvu wakidhani kina cha herufi ndicho kitakachopimwa. Ukifika kwetu kutoka upande wowote, unauona ubao kabla hujamwona mtu. Ulitangulia bomba, ukatangulia dawa, ukatangulia viti vya plastiki. Wakati mwingine nadhani hata sisi tulikuja baada yake.

Mimi ni mkalimani. Naitwa Atupele, ingawa katika orodha ya mradi nimeandikwa kwa namba, na namba hiyo nimeizoea kiasi kwamba mtu akiniita kwa jina nageuka nimechelewa. Kazi yangu ni kukaa katikati ya wageni na sisi, kuyachukua maneno ya hawa na kuwafikishia wale. Ni kazi ya mtu asiyeonekana, ndiyo maana nikapewa. Tangu zamani nina sauti ndogo. Chuoni mwalimu wangu aliniambia, "Atupele, ukiongea ni kama unaomba radhi." Nikamwomba radhi.

Kwetu hakuna tena miaka. Kuna awamu, na ndani ya awamu kuna robo, na mvua hunyesha katika robo ya pili ikiwa imepangiwa. Ukimuuliza mtu umri, atakutajia awamu aliyozaliwa, na waliozaliwa kabla ya awamu ya kwanza husita kidogo, kama wameulizwa jambo la aibu. Sasa tuko awamu ya tatu. Sijui awamu tatu ni muda gani. Ndizi zimeiva mara nyingi na kukatwa. Nywele zangu hazijaongezeka urefu. Bibi Subilaga, mama wa mama yangu, alikuwa mzee sana siku ile ya kwanza, na leo ni mzee vile vile, hajasogea hata hatua moja.

Siku ile ilikuwa hivi.

Mgeni alikuja na mvua. Nasema mgeni, ingawa wamekuja wengi, maana kila mara ni yule yule. Safari moja ni mwanamume mrefu, safari nyingine ni mwanamke mwenye miwani, safari nyingine ni mzee mwenye mvi anayetembea kwa uangalifu. Lakini viatu ni vile vile, vina tope la mahali pengine, na kikohozi ni kile kile, kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuuliza jambo gumu. Siku ile alikuwa mwanamume mrefu. Alikuwa ameloa mpaka mifukoni. Aliingia barazani kwa Bibi kwa sababu ndiyo nyumba ya kwanza, akaketi, akafungua jalada lake, akakohoa. Wenzake walisimama nyuma yake kwenye mchuruziko wa paa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo juma hilo hilo, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu.

"Hapa kwenu kuna mradi gani?" aliuliza kwa lugha yao.

Nikamgeukia Bibi, aliyekuwa anakoroga chungu jikoni, mlango uko wazi. "Bibi, mgeni anauliza habari za mradi."

Bibi hakuwahi kulisikia neno hilo kama kitu ambacho watu huwa nacho. Alimtazama yule mtu aliyeloa, na mwiko bado uko mkononi, akasema, "Mradi tunaishi..."

Nikaandika kwenye fomu, penye nafasi ya jina la mradi: Tunaishi. Nikamsomea mgeni. Akasimama. Akapiga makofi. Wenzake wakapiga makofi. Walisema hawajawahi kusikia jina lililotoka kwa watu wenyewe namna ile, fupi namna ile, na kweli namna ile. Na nyuma ya makofi niliona midomo ya Bibi ikiendelea kusogea. Alikuwa hajamaliza. Kulikuwa na maneno mengine, na makofi yakayafunika.

Subiri. Neno moja tu, subiri, kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Nilikuwa nalo ulimini. Nikaona aibu kuwakatiza watu waliofurahi.

Katika lugha yetu neno mradi hufanya kazi mbili. Mradi ni kitu kinacholetwa, kikaanza, kikaisha. Na mradi ni lile neno dogo la kushikilia sentensi isianguke: mradi mmefika salama, mradi mtoto amekula. Tunalisema tukiwa tumepungukiwa na kila kitu isipokuwa kile kimoja tunachokitaja. Bibi alisema la pili. Mimi nikaandika la kwanza. Katika lugha ya wageni maneno hayo mawili hukaa mbali, hayajuani, hayajawahi kusalimiana. Yalikutana mdomoni mwangu tu, nikalichukua moja na kuliacha jingine barazani.

Sisemi hawakuleta kitu. Bomba lilikuja, na ukilifungulia linatoa maji. Dawa ya macho ilikuja, na Bibi, aliyekuwa anaona ukungu, akaanza kuona tena mistari ya viganja vyake. Hayo yalitokea, na yaliyotokea siwezi kuyafuta kwa huzuni yangu. Lakini pamoja na bomba kilikuja kitabu kinene, na ndani yake kuishi kulikuwa kumekatwa vipande. Kuamka. Kupika. Kusalimiana. Kucheka kuliwekwa Alhamisi saa nane, chini ya Sekela, jirani yetu, ambaye zamani alikuwa akicheka unamsikia toka kisimani. Walimchagua kwa ajili hiyo. Sasa husimama mbele yetu na saa mkononi. "Jamani tuanze, tusichelewe. Ha, ha. Mama, wewe wa nyuma sikusikii. Haya wote, ha, ha, ha." Kisha daftari la mahudhurio hupita, na kila mmoja hubonyeza dole gumba kwenye wino wa zambarau, halafu kwenye karatasi. Asiyebonyeza hajacheka.

Ganzi ilianzia hapo, kwenye dole gumba. Hakuna aliyeistaajabia. Ilianza kama ubaridi wa ncha, ikapanda kidole, ikashuka kiganjani. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi hadi kwenye kifundo. Nimewahi kushika sufuria la moto na kujua kwa harufu. Wengine inawafika begani. Wengine, nadhani, imeingia ndani, kwa sababu ukiwaambia habari ya kusikitisha huuliza ni ya robo ipi.

Tunaitwa walengwa. Nimelitafsiri neno hilo mara nyingi kuliko jina langu. Mlengwa ni yule ambaye kitu kimeelekezwa kwake. Na mtu aliyeelekezewa kitu anatakiwa asisogee, ili kimfike. Nadhani tulilitii neno kabla ya kulielewa. Tulisimama vizuri.

Shughuli moja tu haikuwamo kitabuni, nayo ni kufa. Kiashiria cha kwanza, yaani kipimo cha kwanza cha mradi, kilisema idadi ya wanaoishi isipungue. Na haikupungua. Watu ambao siku yao ilikuwa imefika walielezwa kwa upole wasubiri robo ijayo, wakawekewa benchi refu kwenye varanda ya ofisi, na wako pale, wameketi, mikono magotini, nyuso zimetulia kama za watu wanaosubiri jina liitwe. Tunawasalimia tukipita. Wanaitikia.

Bibi Subilaga alikataa benchi. Alisema ana chungu motoni. Na kweli, tangu siku ile ya mvua chungu chake hakijawahi kuteremka. Kila adhuhuri hupakua ndizi na maharage kwenye sahani ya bati, huifunika kwa sahani nyingine, huiweka kwenye kigoda karibu na mlango. Tukimuuliza ya nani, husema, "Ya mgeni." Jioni huigawa kwa kuku, na kesho yake hupakua upya. Amekuwa mwepesi. Nikimwinua kutoka mkekani naogopa kumrusha.

Jana alasiri alikuja Gwakisa. Gwakisa ni mratibu wa mradi, na ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo kwa Bibi ni mjukuu kama mimi. Alikuwa amefunga tai na ameshika barua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umefunga tai, nani anaoa?"

"Hakuna harusi, Bibi. Mgeni anakuja kesho. Ni tathmini ya mwisho." Akanigeukia. "Atupele, mradi unafungwa kesho saa sita kamili mchana. Imeandikwa."

Nilifikiria daraja. Ng'ambo ya bonde kuna watu ambao mradi wao uliitwa Daraja, na ulifungwa siku ambayo daraja lilikuwa limefika katikati ya mto. Waliokuwa juu yake siku hiyo wako pale hadi leo. Ukisimama kwenye ukingo unawaona, mguu mmoja mbele, mizigo kichwani. Mradi wao ulikuwa daraja tu. Wetu ni kuishi.

"Kuna awamu ya nne?" niliuliza.

"Ipo. Inategemea kesho, na kesho inamtegemea huyu." Akamwonyesha Bibi kwa barua. "Yeye ndiye mlengwa wa kwanza, jina lilitoka kwake, atakayeulizwa ni yeye. Sasa sikilizeni. Bibi akisema tunaishi, maana yake wamefaulu, wanafunga, wanaondoka. Akisema hatuishi, maana yake tumeshindwa, wanafunga, wanaondoka."

"Kwa hiyo aseme nini?"

"Katikati." Gwakisa alileta viganja vyake karibu, akaacha mwanya mwembamba. "Tunaishi, lakini kidogo."

"Tunaishi-ishi," alisema Bibi.

"Hapo hapo, Bibi! Tunaishi-ishi."

"Kama mtu anayelima-lima. Anayeoga-oga."

"Bibi, usiniangushe."

"Mume wangu, wewe ulishaanguka siku nyingi. Hiyo tai ndiyo imekushikilia."

Gwakisa hakucheka, haikuwa Alhamisi. Lakini alishika tai yake kidogo. Kisha akaona sahani kwenye kigoda. "Na hii kesho isiwepo. Mlengwa haruhusiwi kumpa mtathmini kitu. Inahesabiwa hongo."

"Ndizi nne ni hongo?"

"Hata moja, Bibi."

"Na maharage?"

"Bibi!" Akanivuta pembeni, nje, penye jua. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kaka, si ya mratibu. "Atu, yeye atasema anachotaka, namjua. Lakini mgeni hamsikii yeye. Anakusikia wewe. Aseme chochote, wewe fikisha hivyo: tunaishi, kidogo. Umenielewa? Ukikosea, kesho saa sita sote tunasimama kama wale wa darajani."

"Nimeelewa, kaka."

Aliondoka. Nilipoingia ndani, Bibi alikuwa ameketi akitazama moto.

"Atu. Siku ile ulinikata."

"Najua, Bibi. Nisamehe."

"Sikukasirika. Ila sikumaliza kusema. Na mimi siwezi kwenda kokote nikiwa nimesema nusu." Alivigusa vifundo vya miguu yake, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehakiki kama viatu vimefungwa. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi. Wenzangu wale benchini wanangoja jina. Mimi nangoja maneno manne tu."

"Yaseme sasa. Niambie mimi."

"Nilikuwa namwambia mgeni. Nitamalizia kwa huyo huyo mgeni. Wewe fikisha tu."

Nikayaelewa yote, bila maumivu, kama unavyoelewa tangazo. Nikifikisha, Bibi anamaliza sentensi yake na anakwenda. Nisipofikisha, anabaki: awamu ya nne, ya tano, mwepesi zaidi kila robo, chungu motoni, na mimi nitakuwa na bibi siku zote. Nilijaribu kutafuta ndani yangu ni lipi linaniuma zaidi. Nilitafuta kama mtu anayepapasa chini ya kitanda kwa mkono ulioganda. Pengine kulikuwa na kitu. Mkono haukuniambia.

Je, ni mapenzi kumshikilia mtu asiondoke, au ni kiashiria changu mwenyewe? Nani alinifundisha kuhesabu kwamba aliyebaki ndiye aliyependwa? Wageni wanatupenda pia, naamini. Nimeona macho yao. Wanatupenda wakiwa wameshika daftari, na mimi nampenda Bibi nikiwa nimeshika kalamu, na pengine tofauti kati yetu ni ndogo kuliko ninavyopenda kuamini.

Leo mgeni amekuja saa tano na nusu.

Mara hii alikuwa mwanamke mwenye miwani. Viatu vile vile. Alikaa barazani kwenye kiti kile kile alichokalia alipokuwa mwanamume, akaweka fomu magotini, akakohoa. Watu wote wa kwetu walikuwa wamesimama uani, mistari imenyooka, madole gumba ya zambarau. Hata wale wa benchi walikuwa wameletwa pamoja na benchi lao. Gwakisa alisimama upande wa kulia wa mgeni, saa yake nje ya mkono wa shati. Bibi aliketi kwenye mkeka mlangoni, ameegemea mwimo. Kwenye kigoda kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Gwakisa aliiona, akafumba macho, akayafumbua. Ilikuwa bado ipo.

"Muulize," mgeni aliniambia, "katika kipindi chote cha mradi, wanaishi?"

Nikamuuliza.

Bibi alinitazama mimi kwanza, si mgeni. Kisha akamtazama mgeni, na akasema kwa sauti ile ile ya siku ile, kana kwamba mwiko ulikuwa bado mkononi na mvua ilikuwa bado juu ya paa:

"Mradi tunaishi, hamtalala njaa kwetu."

Amemaliza.

Hamtalala njaa kwetu. Maneno matatu, si manne. Alikuwa amekosea hesabu, au la nne lilikuwa mvuto wa pumzi baada yake. Hakuwa ameomba kitu. Awamu tatu, vitabu vinene, ubao, bomba, benchi, na mwanzoni kabisa kulikuwa na mwanamke aliyemwona mtu ameloa na ana njaa, akamwahidi chakula.

"Atupele," Gwakisa alisema chini chini, kwa lugha yetu, bila kusogeza midomo. "Kidogo. Sema kidogo."

Mgeni alikuwa akinisubiri, kalamu iko juu ya karatasi.

Nilitafuta lile neno lao jingine, lile dogo, nililoliacha barazani siku ile. Lilikuwepo. Nililiweka mahali pake. Sauti yangu ilitoka ndogo kama kawaida, lakini haikuomba radhi. "Amesema: maadamu sisi tuko hai, ninyi hamtalala njaa kwetu. Ndivyo alivyokuwa anasema siku ya kwanza. Hakuwa anataja mradi wowote. Mimi ndiye niliyekosea."

Gwakisa aliachia pumzi ndefu, kama gurudumu lililotoboka.

Mgeni hakuandika. Alinitazama, akamtazama Bibi, akaitazama sahani. "Yaani siku ile," aliuliza taratibu, "alikuwa ananipa mimi?"

"Ndiyo."

"Siku ile nilikuwa sijala tangu asubuhi."

Nikamfikishia Bibi. "Nilijua," alisema Bibi. "Uso ulikuwa hivi." Akayavuta mashavu yake ndani. "Mwambie asogee ale, asije akasema alifika kwa Subilaga akaondoka hivi hivi. Na mwambie ndizi ni za leo, si za siku ile. Asiogope."

"Haruhusiwi," Gwakisa alisema. Alisema kwa lugha zote mbili. Kwa lugha yetu aliongeza, "Bibi, tafadhali."

"Mume wangu, mletee mgeni maji ya kunawa."

Kulikuwa na kitambo kirefu. Sijui kilikuwa robo ngapi. Halafu Gwakisa, mratibu, akaenda jikoni, akarudi na birika na beseni, akapiga goti mbele ya mgeni na kumimina maji kwa haraka, na tai yake ikaingia kwenye beseni. Maji yakamwagika kwenye fomu na kwenye kurasa za mahudhurio zilizoambatishwa. Madole gumba ya zambarau yakaanza kulegea, yakatiririka kutoka mstari hadi mstari, mamia ya madole, yakawa mto mdogo wa rangi ukidondoka kwenye viatu vyenye tope. Mgeni hakuyazuia. Alifunua sahani. Mvuke ulipanda kwenye miwani yake, kwa hiyo sikuyaona macho.

Alikula. Hakujua kula kwa mkono. Maharage yalimponyoka, akayaokota gotini, akayala. Alikula kama mtu aliyebeba njaa hiyo katika miili mingi, alipokuwa mwanamume mrefu na alipokuwa mzee mwenye mvi. Watu uani walikuwa hawamtazami yeye. Walikuwa wanatazama saa ya Gwakisa. Dakika zilipokaribia, niliwaona wakijiandaa kusimama milele, kila mmoja akichagua namna yake: wengine walishika mikono ya watoto wao, mmoja alijifuta uso, Sekela aliinua mguu mmoja kidogo, sijui kwa nini, pengine hakutaka kuonekana amesimama wima kama mti.

Saa sita ikafika.

Saa sita ikapita.

"Umeshiba?" Bibi aliuliza.

Niligeuka kufikisha, lakini mgeni alijibu mwenyewe, kwa lugha yetu, kwa lafudhi mbaya. Sijui alilijulia wapi neno hilo. Pengine alikuja nalo kila safari likakosa nafasi kwenye fomu. "Nimeshiba."

"Basi," alisema Bibi.

Uani, Sekela alikuwa bado na mguu juu. Aliuangalia. Akautikisa. Ukatikisika. "Jamani," alisema, "si naanguka huku!" Na akacheka, kile cha zamani, cha kusikika kisimani, bila saa, siku ambayo hata sikujiuliza ilikuwa siku gani. Mtu mmoja akacheka baada yake, vibaya, kwa kukwaruza. Wale wa benchi waliinuka, mmoja mmoja, wakasema wanapita nyumbani kwanza. Mgeni alikusanya karatasi zake zilizoloa. Alisimama mbele ya Bibi na kufungua mdomo, akaufunga, akaenda. Kesho dawa zikiisha hatujui tutamwandikia nani. Hilo ni kweli, na silifichi. Alipofika njia panda niliona anafuta viatu kwenye majani.

Nilikuwa nikimtazama yeye, ndiyo maana sikuona. Aliyeona ni Gwakisa, aliyekuwa bado amepiga goti karibu na mkeka.

"Atu," alisema. "Bibi haniiti mume."

Bibi alikuwa ameegemea mwimo vile vile. Mikono ilikuwa mapajani, viganja juu, na mistari yake yote ilikuwa inaonekana.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kuzika hakukuwa kumepangwa kwa awamu tatu. Mtu aliuliza nani atasaini. Mwingine aliuliza kama wanaume ndio hubeba au wanawake, na wazee waliotakiwa kukumbuka walitazamana. Hatukuwa na jeneza, wala kitanda kilichoweza kupita mlangoni. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ambayo watu waligeuka kuitafuta imetoka wapi, "Chukueni majembe. Na mmoja aje na mimi tukalete ubao."

Sekela alikuja. Tuliutikisa mpaka ukatoka ardhini. Tuliubeba hadi barazani, tukaugeuza, maandishi chini, tukatandika kanga mbili za Bibi, tukamlaza. Watu wanne tulibeba: Gwakisa na Sekela mbele, mimi nyuma na mzee mmoja aliyekuwa ametoka benchini na kusema kwamba hana haraka. Bibi alikuwa mwepesi. Uzito wote ulikuwa wa mbao.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa chini ya ubao, na vidole vikaangukia ndani ya herufi. Mwanzoni nilijua tu kwamba viko pale. Tulipopita kisimani nilisikia ukingo wa kitu, kama unavyosikia mtu akiongea chumba cha pili. Halafu sisimizi wakaanza, wakitoka kifundoni, wakitembea kiganjani kuelekea kwenye ncha. Herufi moja ilikuwa na mstari mmoja tu, wa wima. Iliyofuata ilikuwa imepinda. Iliyofuata ilikuwa na ngazi moja katikati. Nilizisoma polepole, nikitembea, bila kuziona. Mbao ilikuwa na vibanzi na wachongaji wetu hawakuwa wamepiga msasa. Kwenye herufi ya mwisho kibanzi kiliingia chini ya ukucha wa dole gumba, kikaingia ndani, na kiliuma. Kiliuma sana. Nililia kwa sauti kubwa, na watu wote waliokuwa nyuma, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka jinsi kulia kunavyofanywa.